Miezi sita ya kujifunza kuimba ukubwani: noti ya mwisho inashuka, na moyo nao unashuka

mwanagenzi38

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa kiufundi, si wa kunitia moyo peke yake.

Mwanaume, miaka 38, sina msingi wowote wa muziki. Najifunza bila mwalimu, mwezi wa sita huu, dakika 40 kila siku kwa mkupuo mmoja, kwa kufuata video na programu ya simu inayochora noti: ukiwa sawa mstari ni kijani, ukikosea ni mwekundu. Hali ilivyo:

1. Noti ya mwisho ya mstari inashuka senti 30 hadi 40 (senti ni kipimo kidogo cha umbali kati ya noti), karibu kila mstari. Mwanzo na katikati ni kijani.
2. Nikigusa E4, yaani mi iliyo juu ya do ya kati ya kinanda, sauti ama inapasuka ama inageuka kelele.
3. Kinachokubali leo, kesho kinakataa.
4. Nikisikiliza rekodi za wiki hii, naona afadhali hata zile za mwezi wa kwanza.

Nianze na lipi? Na kuna namna ya kujua kama kweli kuna hatua inayopigwa, au sauti niliyojaliwa ndiyo hii na niridhike nayo?

---

solfa_mi

Mkuu, naanza na la nne, maana ndilo linaloachisha watu njiani. Sikio hujifunza haraka kuliko koo. Mwezi wa kwanza ulikuwa husikii senti 40. Leo unazisikia zote, pamoja na irabu iliyobana na pumzi iliyoingia kwa kelele. Kosa ni lile lile, pengine limepungua, ila sasa lina shahidi. Chukua rekodi tatu za mwezi wa kwanza na tatu za sasa, wimbo ule ule, zipe majina ya herufi tu, kisha mpe mtu asiyejua zipi ni zipi azipange kuanzia mbaya hadi nzuri. Jibu lake lina uzito kuliko lako.

Halafu hiyo programu. Nusu toni moja, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda, ina senti 100, kwa hiyo ukishuka senti 50 uko katikati kabisa ya noti mbili. Hizo 30 hadi 40 zako ni kosa la kweli; hata asiye mwanamuziki atahisi kuna kitu kimelegea. Lakini usikimbizane na kijani kwenye kila noti. Mwimbaji aliyebobea ana vibrato, ule mtetemo unaopanda na kushuka mara 5 hadi 7 kwa sekunde, na unaweza kufika hadi nusu toni juu na chini ya noti. Mpitishe kwenye programu yako uone wekundu utakaotokea. Kifaa hicho kinafaa kwa noti ndefu iliyotulia, basi.

Sasa la kwanza. Kabla ya kutibu, pima. Imba noti ya mwisho peke yake, kwa pumzi mpya, bila mstari ulioitangulia. Ikitoka sawa, sikio halina kosa, tatizo liko njiani. Isipotoka sawa hata ikiwa peke yake, basi ni sikio au ni irabu, na dawa yake ni nyingine.

Kama ni njiani, kuna mambo matatu na mara nyingi yanakuja pamoja.

La kwanza ni pumzi. Presha ya hewa chini ya nyuzi za sauti ikipungua, noti inashuka nayo. Imba mstari wote kwa "vvv" badala ya maneno, tuni ile ile. Pale v inapodhoofika au kukatika ndipo pumzi inapokufa. Weka alama hapo kwenye maneno, kisha uamue: ama uvute pumzi mapema kidogo kabla ya alama, ama upunguze hewa unayoimwaga mwanzoni. Wanaoanza wengi hawaishiwi kwa sababu walivuta kidogo. Wanaishiwa kwa sababu neno la kwanza limekula nusu ya akiba. Kuna na kinyume chake, kujaza kifua mpaka mabega yanapanda. Hewa ikizidi, koo linajifunga kuizuia na noti inatoka imebanwa. Kwa mstari wa sekunde nane au kumi, robo tatu ya uwezo inatosha kabisa.

La pili, tuni inayoshuka. Ukitoka s-f-m-r-d (sol, fa, mi, re, do), kila hatua unaizidisha kidogo bila kujua, ukifika do una deni la senti 30. Cha kuangalia hasa ni f kwenda m, kwa kuwa ni nusu toni tu na watu wanaishuka kama toni nzima. Piga do kwenye kinanda, izime, shuka kutoka sol bila chombo, kisha piga do tena ulinganishe.

La tatu ni lugha yenyewe, na hili video nyingi haziligusi kwa sababu hazikutengenezwa kwa Kiswahili. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, na tukimaliza sentensi tunaiachia silabi ya mwisho idondoke. Sema "mwezi umechomoza": nguvu iko kwenye *mo*, *za* inaanguka. Kwenye wimbo, *za* hiyo ndiyo mara nyingi inayopewa mapigo manne. Mdomo unafuata mazoea ya kuongea, unaiangusha, na noti inaanguka nayo. Zoezi lake: sema mstari wote kwa noti moja, kama mtu anayesoma orodha ambayo haijaisha, silabi ya mwisho ibaki juu sawa na zilizotangulia. Mara tano. Kisha uimbe kwa noti hiyo hiyo moja. Kisha weka tuni. Halafu jenga kutoka nyuma: "-moza" peke yake, "umechomoza", ndipo mstari mzima. Ukijenga hivyo, mwisho wa mstari unakuwa ndio mahali ulipopaimba mara nyingi zaidi.

Tukiwa hapo hapo: m na n zinazosimama peke yake kama silabi, *m-tu*, *n-chi*, *n-ne*, zina noti yao kamili. Ukiziruka utajikuta unaingia nusu pigo mapema, na utailaumu ngoma.

---

mrija_na_maji

Nijibu la E4. Hapo hapapitiki kwa nguvu, na sababu ni ya kimaumbile. Nyuzi za sauti za mwanaume zina urefu wa milimita 17 hadi 21 hivi, na kwenye E4 zinakutana kama mara 330 kwa sekunde. Kuna msuli unaozifupisha na kuzinenepesha, ndio unaotawala unapoongea. Kuna mwingine unaozivuta ziwe ndefu na nyembamba. Kadiri unavyopanda, wa kwanza sharti uachie taratibu na wa pili ushike. Kwa wanaume wengi makabidhiano hayo yako kati ya C4 (do ya kati) na F4 (fa iliyo juu yake). Ukikataa kuachia, unapiga kelele. Ukiachia ghafla, inapasuka. Kwa hiyo dalili zako mbili ni ugonjwa mmoja.

Tafuta mrija wa kunywea, kipenyo milimita 5 au 6, na glasi yenye maji nusu. Chovya ncha ya mrija sentimita 2 hadi 3. Midomo iuzunguke bila upenyo, toa sauti ya "u" kupitia mrija, mapovu yatoke mfululizo bila kukatika. Anza kwenye noti unayoongelea, panda kama king'ora hadi inapokwenda bila kulazimisha, rudi chini. Dakika tatu. Hewa inayorudi nyuma kutoka kwenye mrija inazizuia nyuzi zisigongane kwa nguvu, hivyo zinajifunza kutetemeka nyembamba bila wewe kusukuma. Usipokuwa na mrija, tetemesha midomo "brrr" kama mtoto anayeigiza gari. Ikikwama, inua mashavu kwa vidole viwili.

Kosa la kawaida: hewa kupita puani. Bana pua katikati ya zoezi. Sauti isipobadilika uko sawa. Ikibadilika au kukata, ulikuwa unaimba kwa pua na mrija ulikuwa pambo. Kosa jingine ni kutumbukiza mrija hadi chini ya glasi. Kadiri unavyozama ndivyo unavyolazimika kusukuma zaidi, na kusukuma ndiko tunakokukimbia.

Baada ya mrija, njoo kutoka juu. Usipande kwenda E4, shukia. Chukua G4 kwa "u" nyepesi sana, sauti ndogo kama ya kumbembeleza mtoto, ushuke s-f-m-r-d hadi C4. Kisha punguza nusu toni na urudie, mpaka sol yako iwe C4. Karibu na E4 sauti itataka kuruka kuwa nzito. Hapo punguza sauti, iache inenepe yenyewe. Mwanzoni itasikika dhaifu, ya kuchekesha. Ndivyo inavyotakiwa kwa wiki kadhaa.

Ukifika kwenye maneno, kumbuka irabu hazifanani. "U" na "i" zinapita mpakani kirahisi. "A" iliyopanuliwa inakokota uzito wa kuongea hadi juu. Kwenye noti za kuanzia E4, imba "a" huku umeelekeza mdomo kwenye "o". Msikilizaji bado atasikia "a".

---

besi_wa_pili

Mrija sawa, lakini naona tunamtibu mtu kwa kosa la nguo. Nguo si yake! Wimbo umerekodiwa kwa ufunguo, yaani kimo cha noti, wa koo la mwenye wimbo. Hakuna sheria inayokulazimisha uimbe hapo.

Andika noti ya chini kabisa na ya juu kabisa ya wimbo. Kisha tafuta noti yako ya juu unayoweza kuiimba *kwa sauti ndogo* mara tatu mfululizo bila kupasuka. Wimbo uishie nusu toni mbili chini ya hapo. Mfano: wimbo unatoka C3 (do iliyo chini ya ile ya kati) hadi F#4 (nusu toni juu ya F4), na yako ya juu ni D4. F#4 hadi D4 ni nusu toni nne, ongeza mbili za akiba, jumla shusha sita. Chini nako C3 inakuwa F#2, ambayo wengi itawakwama kooni. Basi shusha tano uishie G2 na uvumilie akiba ya nusu toni moja. Kama hata hapo haiingii, wimbo huo hauna nafasi kwako mwaka huu. Chukua mwingine wenye upana wa noti sita au nane. Programu za kucheza muziki nyingi zinashusha ufunguo bila kubadilisha kasi.

Watu wengi wanaosema "sauti yangu haikui" wanaimba nyimbo zilizowazidi toni mbili.

---

mrija_na_maji

Besi, hatupingani. Ashushe ufunguo kwa ajili ya nyimbo, na mpaka wa sauti aufanyie kazi kwenye mazoezi. Nisichokubali ni kuishia kushusha tu. Mtu akikaa miaka chini ya D4 hatajifunza kuvuka, na kila wimbo atauona mrefu.

---

mwanagenzi38

Asanteni sana, nondo hizi. Vipimo:

Noti ya mwisho peke yake: ndani ya senti 10, mara nane kati ya kumi.
Kwa "vvv": inakatika silabi ya sita, mstari una silabi tisa.
Mrija: nikibana pua, sauti inakata kabisa.
Noti ya juu kwa sauti ndogo: D4. Mfano wa besi umenipata sawasawa.

Maswali mawili. Ile sauti nyembamba ya kushukia ni falseto tu, au kuna tofauti? Na dakika 40 nizifanye nini?

---

mrija_na_maji

Kukata kabisa maana yake hewa yote ilikuwa inatoka puani, yaani ulikuwa unaguna "mmm" huku mrija uko mdomoni. Anza kila mara na "pu" au "bu". P na b haziwezi kutamkwa bila kufunga njia ya pua. Mashavu yavimbe kidogo. Ukipoteza, simama, anza tena na "pu". Siku mbili tatu litakaa.

Falseto na sauti ya kichwa ni majirani wa nyumba moja. Kwenye falseto nyuzi hazifungi vizuri, hewa inavuja, unasikia upepo na pumzi inaisha upesi. Sauti ya kichwa ni nyembamba vilevile lakini inafunga. Anza na falseto, hakuna aibu, kisha badala ya "u" tumia "gu-gu-gu-gu-gu" kwenye noti zile zile tano. G inaziba hewa kidogo kila silabi na nyuzi zinakutana vizuri zaidi. Sauti ikipata kingo badala ya upepo, umefika. Ikibana, rudi "u".

---

daftari_la_noti

Nichukue la tatu pamoja na hilo la dakika 40, maana ni kitu kimoja.

Dakika 40 za mkupuo kwa koo la miezi sita ni nyingi. Baada ya dakika 20 hivi misuli midogo inachoka, mikubwa ya shingo na taya inaingia kusaidia, na dakika 20 za mwisho unafundisha mwili wako kukaza. Gawa mara mbili, dakika 12 hadi 15 kila moja, ziachane kwa saa kadhaa, siku tano au sita kwa wiki. Kipindi kimoja kinaweza kuwa hivi: dakika 3 mrija, 4 kushuka kwa "gu", 6 mistari miwili ya wimbo, 2 kuimba chochote unachokipenda bila kupima. Hizo mbili za mwisho usizifute. Mtu anayejipima kila noti anafika mahali hataki hata kufungua mdomo.

Sasa "leo imekubali, kesho imekataa". Ukiimba mstari mmoja mara ishirini mfululizo, wa ishirini utatoka vizuri, kwa sababu mwili unakumbuka wa kumi na tisa. Huko ni kupata moto, kujifunza kwenyewe bado. Kilichojifunzwa kinaonekana kesho, kwenye jaribio la kwanza, kabla hujarekebisha chochote. Kwa hiyo changanya: mstari A mara mbili, zoezi la gu, mstari B mara mbili, kimya dakika moja, rudi A. Zoezi litaonekana baya kuliko zamani na matokeo ya wiki yatakuwa bora. Ni vigumu kuamini wakati unafanya, ndiyo maana unaandika.

Daftari liwe na vitu vitatu, visizidi:

- jaribio la kwanza la siku (baada ya mrija): noti ya mwisho imeshuka senti ngapi;
- noti ya juu kwa sauti ndogo, mara tatu bila kupasuka;
- silabi ambayo "vvv" inakatika.

Mfano wa mstari wa daftari: "Jumanne jioni. Mstari wa 2, −25. D4. Silabi ya 7. Irabu i inabana kwenye *mi*." Hayo tu, sekunde thelathini. Usilinganishe siku na siku. Usingizi, mafua, maneno mengi uliyoongea mchana, vyote vinahamisha namba. Asubuhi sauti huwa nzito na ya chini, kwa hiyo pima saa ile ile. Kila baada ya wiki nne toa wastani na ulinganishe wastani kwa wastani. Ukitoka −35 hadi −25 kwa mwezi hutasikia kitu kwa sikio, lakini kwenye karatasi ni karibu theluthi moja ya kosa imeondoka.

Rekodi ya mwezi: simu iwe mita moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo na si mbele kabisa, chumba kile kile, wimbo ule ule, ufunguo ule ule, bila muziki wa nyuma. Zima kipengele cha kupunguza kelele, kinakata mwisho wa noti zako na kuzifanya zionekane fupi. Usiisikilize siku ile ile. Na uisikilize kwa jambo moja ulilolichagua kabla, mfano miisho ya mistari peke yake. Ile hali ya kujichukia unapojisikia haitoki kwenye kuimba kwako. Unapoongea au kuimba unajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, inayoongeza sauti za chini. Rekodi haina mifupa. Wengine wamekuzoea hivyo siku zote.

Siku mbaya kabisa, fanya mrija dakika tatu ufunge. Siku hiyo ihesabike kuwa umefanya. Na weka nyimbo tatu mkononi: mmoja mwepesi ambao unaumudu hata ukiwa umechoka, mmoja wa kufanyia kazi, na ule wa ndoto. Wa ndoto mara moja kwa wiki, usizidi, kwa ufunguo ulioshushwa. Kinachovunja moyo watu wengi ni kuwa na ule wa tatu peke yake.

---

koo_safi

Nyongeza fupi za usalama.

Maji unayokunywa hayagusi nyuzi za sauti, yanapita njia ya chakula. Yanasaidia baada ya kuingia mwilini, kwa hiyo kunywa mapema siku nzima, si glasi moja dakika mbili kabla. Mvuke wa dakika tano hadi kumi ndio unaofika penyewe.

Usikwangue koo kwa "hrrm", meza mate au maji. Ukipoteza sauti usinong'one kwa nguvu, nyamaza. Usiimbe ukiwa umetumia pipi za kutia ganzi, maana maumivu ndiyo kengele yako na umeizima. Kuwasha, kikohozi kikavu katikati ya zoezi, au sauti ya kuongea kuwa nzito baada ya zoezi: acha kwa siku hiyo. Misuli ya pumzi kuchoka ni sawa. Koo kuuma si sawa, hata kama kuna mtu kakwambia ndiyo kukomaa.

Kipimo rahisi cha nyumbani: vuta pumzi, toa "sss" hadi mwisho, hesabu sekunde. Pumzika, fanya "zzz". Chukua iliyo ndefu zaidi katika mara tatu kwa kila moja, gawanya s kwa z. Nyuzi zikiwa nzima jibu linakaa karibu na 1. Mfano s sekunde 18, z sekunde 17. Likipita 1.4, hasa kama sauti inakwaruza, z inaishiwa upesi kwa sababu nyuzi hazifungi vizuri. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usisubiri zoezi likuponye.

---

bado_sijaipata

Samahani kuingilia uzi. Sisi ambao hata noti moja ya kinanda hatuipati tuanzie wapi? Naambiwa sina sikio.

---

solfa_mi

Karibu, uzi ni wa wote. Watu wasiosikia kabisa tofauti za noti wapo, lakini ni wachache sana, asilimia chache tu ya watu. Jipime: cheza noti mbili, moja juu moja chini, useme ipi iko juu. Ukipata nane kati ya kumi zikiwa zimeachana toni mbili, sikio unalo. Kinachokosekana ni njia kutoka sikioni kwenda kooni.

Weka kinanda pembeni kwanza. Watu wengi wanaiga sauti ya binadamu kirahisi kuliko ya chombo, na yao wenyewe kirahisi zaidi. Toa "nuuu" kwenye noti unayoongelea, ile ya "ee" unapomwitikia mtu. Irekodi sekunde tano. Icheze, sikiliza yote ukiwa kimya, kaa sekunde mbili ukiisikia kichwani, ndipo uimbe. Kuimba huku bado inacheza ndilo kosa kubwa, sauti yako inaifunika ile unayoitafuta.

Ukiikosa, usirukie nyingine kwa kubahatisha. Telezesha taratibu kutoka chini kwenda juu kwa "u" mpaka uhisi mgongano umetulia: noti mbili zikikaribiana bila kulingana unasikia kama wimbi, wa-wa-wa, na kadiri zinavyosogeleana wimbi linapungua kasi, zikilingana linakufa. Hapa ndipo inaruhusiwa kuimba juu ya rekodi, kwa spika ya nje na si spika za masikioni, sauti ndogo.

---

besi_wa_pili

Na angalia oktavu. Mwanaume akiiga sauti ya mwanamke, au kinyume chake, mara nyingi yuko sawa kabisa ila oktavu moja chini au juu, yaani masafa nusu au mara mbili. A4 ni mitetemo 440 kwa sekunde, A3 ni 220. Programu nyingine zinaonyesha hilo kama kosa na mtu anajiona hana sikio bure.

---

solfa_mi

Kweli. Bado_sijaipata, ukishaipata ile ya kwanza mara nane kati ya kumi, rekodi nyingine toni moja juu, halafu moja chini. Ukiwa na noti tano zako mwenyewe ndipo urudi kwenye kinanda, uanze na zile zile tano. Kila kikao kiwe cha dakika tano, hata kama kinaenda vizuri. Sikio likichoka linaanza kukubali chochote.